Mtaa wetu umepakwa wekundu kwenye ramani: naweza kuuandika upya?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mkazi wa Tandale, Dar es Salaam, nimezaliwa na kukulia hapa. Wiki iliyopita rafiki yangu wa chuo alinionyesha tovuti ya ramani ambayo mtu yeyote anaweza kuipaka rangi na kuiandika. Upande wetu wote umepakwa wekundu, na juu yake mtu ameandika "vibaka, usipite usiku". Nikafungua OpenStreetMap, nikakuta nyumba zimechorwa vizuri, lakini maduka mengi yaliyoandikwa yalishafungwa, vichochoro vingine havimo, na majina tunayoyatumia kila siku hayapo. Naruhusiwa kurekebisha mwenyewe? Niandike nini ili mtu ajue mtaa wetu ukoje? Mipaka nichore vipi, maana hata sisi wenyewe hatukubaliani? Na nikishaandika, mtu hawezi kuja kufuta?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kurekebisha unaruhusiwa, leo hii, bila kuomba kibali kwa mtu na bila kulipa chochote. Ila umenitajia ramani mbili, na kila moja ina kazi yake. Zitenganishe kwanza kabla hujashika simu, kwa sababu namna ya kuutetea mtaa wako kwenye hii siyo namna ya kuutetea kwenye ile.

Ya kwanza ni ramani ya maoni. Mtu anachagua rangi, anapaka eneo, anaandika neno lake, basi. Ramani za namna hii zipo kadhaa. Inayofahamika sana ni Hoodmaps, aliyoitoa Mholanzi Pieter Levels mwaka 2017, ambayo huugawa mji kwa rangi: huku matajiri, huku watalii, huku wanafunzi, huku watu wa ofisini. Nia yenyewe inaeleweka, kwani mgeni akishuka mji asioujua anataka kujua upesi wapi kumejaa watalii wenzake na wapi wenyeji wanakaa. Tovuti uliyoonyeshwa wewe hukuitaja, na si lazima uitaje, maana tatizo ni la aina nzima ya ramani hizi: anayepaka rangi si lazima awe anakaa pale, wala kuwahi kufika. Anaweza kuandika alichokisikia tu. Na sifa ambayo Tandale imekuwa ikivikwa miaka yote hii unaijua kuliko mimi.

Kupaka mitaa rangi hakukuanza na intaneti. Mwaka 1889 Charles Booth alianza kutoa ramani ya umaskini ya London, kila barabara na rangi yake, kuanzia manjano ya wenye nazo hadi nyeusi ya wale aliowaita tabaka la chini kabisa, waovu na nusu wahalifu. Booth angalau aliifanyia kazi. Watu wake walikusanya habari kwa maofisa wa bodi za shule waliokuwa wakizitembelea familia majumbani, na baadaye walizunguka mitaani pamoja na askari wa doria. Pamoja na juhudi yote hiyo, rangi nyeusi ilibeba mambo mawili kwa mkupuo, mfuko wa mtu na tabia yake, kana kwamba aliyekosa fedha amekosa na utu.

Marekani ndiko rangi zilikoingia kwenye mikopo. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali lililojulikana kama HOLC lilichora ramani za miji zaidi ya 200 kwa rangi nne, kuonyesha wapi mkopo wa nyumba una usalama na wapi una hatari. Nyekundu ilikuwa daraja la mwisho, na mitaa waliyokaa Wamarekani weusi karibu yote iliangukia humo. Fomu zilizoambatana na ramani hizo ziliandika waziwazi kuwepo kwa watu weusi kama dosari ya mtaa. Wanahistoria bado wanabishana ni kiasi gani cha madhara kilitokana na ramani zenyewe, kwa kuwa wakopeshaji walikuwa wakibagua hata kabla yake, na shirika jingine la serikali, FHA, lilikuwa na taratibu zake za kibaguzi. Lakini kwamba hukumu juu ya watu iliandikwa kama sifa ya ardhi, hilo halina ubishi.

Na usidhani ni mambo ya mbali. Dar es Salaam yenyewe imechorwa hivyo. Sheria ya ujenzi ya Wajerumani ya 1914 iliugawa mji kwa aina ya nyumba, Waingereza wakauendeleza mgawanyo huo: eneo la nyumba za Kizungu, eneo la katikati lililokuwa la maduka na Wahindi, na eneo la nyumba za Kiswahili, huku Mnazi Mmoja pakiachwa wazi kutenganisha Uhindini na Kariakoo. Uzunguni pakapata barabara pana na miti. Uswahilini pakapata viwanja vidogo na ahadi. Leo mtu akisema "uswahilini ndivyo kulivyo", anazungumza kama vile msongamano na maji yaliyotuama ni tabia ya wakazi, wakati kuna mtu aliyekaa na karatasi na rula akaamua nani atangulie kupata mtaro.

Ndiyo maana rangi ile nyekundu imekuudhi, na una haki ya kuudhika. Ila nakushauri usikimbilie kupaka ya kijani juu yake. Utapaka jioni, mwenzio atapaka asubuhi, na mtakaokuwa mnashindana ni wewe mwenye jina na nyumba pale Tandale, na mtu usiyemjua ambaye hana cha kupoteza. Kama tovuti ina sehemu ya kuripoti matusi, ripoti mara moja, kisha hamia kwenye ramani ya pili. Huko ndiko saa zako zitakakozaa.

OpenStreetMap ilianzishwa na Steve Coast kule Uingereza mwaka 2004, na tangu hapo imejengwa na watu wa kujitolea dunia nzima. Data zake ni huru: anayetaka huzichukua, huzitumia, hata kwa biashara, alimradi ataje zilikotoka na akizirekebisha na kuzitoa hadharani aziache huru vilevile. Kila kitu humo ni nukta, mstari au eneo, na kila kimoja kinabandikwa lebo zinazosema ni nini. Sharti lake kubwa ni moja: uandike kinachoweza kuthibitishwa. Mtu mwingine akija kusimama pale uliposimama, bila kukujua wala kukuuliza, je, ataona ulichokiandika? Kisima ataona. Daraja la miguu ataona. Choo cha kulipia ataona, na bei ataikuta mlangoni. "Vibaka" hataona. Kwa hiyo lile neno halina pa kukaa kwenye OpenStreetMap, na likiandikwa, wenzetu wanaokagua watalitoa.

Sasa tulitazame neno lenyewe vizuri. Yule aliyeandika "usipite usiku" huenda ana kisa chake; tusimkatalie. Giza ni kitu kinachothibitishika. Kila barabara na kila kichochoro kwenye OpenStreetMap kinaweza kuwekwa lebo ya taa, `lit=yes` au `lit=no`. Pita jioni baada ya magharibi pamoja na ndugu zako, kichochoro kwa kichochoro, mkijaza ndiyo au hapana. Mkimaliza mtakuwa na ramani inayoonyesha mahali hasa ambapo mama anayerudi na mzigo wake sokoni anaingia gizani. Neno "vibaka" halina wa kulijibu. Taa isiyokuwepo ina ofisi ya kuulizwa, na ukienda serikali ya mtaa na ramani mkononi, mazungumzo yanakuwa mengine.

Hapo ndipo ulipo msimamo wangu juu ya swali lako la pili, la kuonyesha mtaa ukoje. Usiandike sifa. Andika vitu, kwa wingi na kwa uangalifu, na sifa itaonekana yenyewe kwa anayesoma.

Tandale ina historia katika jambo hili ambayo pengine hujasimuliwa. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa Tandale walizunguka mitaa yote sita, Kwa Tumbo, Mtogole, Mharitani, Mkunduge, Pakacha na Sokoni, wakichora njia, maji, mitaro na vyoo, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Mfano ulitoka Kibera, Nairobi, ambako mwaka 2009 vijana wa pale pale, chini ya mradi wa Map Kibera ulioanzishwa na Mikel Maron na Erica Hagen, walijaza eneo ambalo kwenye ramani nyingi lilikuwa tupu kama vile hapakai mtu. Desemba hiyo hiyo ya 2011 Dar es Salaam ikapata mafuriko makubwa, watu wakafa, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Baada ya hapo haikuwa tena suala la kujulikana tu. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, uliozikutanisha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), vyuo vikuu, Chama cha Msalaba Mwekundu na wakazi wenyewe, kwa ajili ya kuchora kata zinazokumbwa na maji: picha za droni zikapigwa, mitaro ikapimwa upana na kina, ikaandikwa imejengwa kwa kitu gani na imeziba wapi.

Kwa hiyo nyumba unazoziona zimechorwa vizuri ni jasho la watu wa mji huu, wengine huenda walikunywa chai kwenu. Ila ramani ya mji unaokua haikai miaka bila kuguswa. Duka la mwaka 2011 leo ni saluni, saluni ya 2015 leo ni ghorofa. Wewe ndiye wa zamu hii.

Chukua kichochoro kimoja tu, tuseme kinachotoka sokoni kuelekea Mto Ng'ombe, ukimalize kabla hujaenda kingine. Kule juu kuna wauza nafaka na mashine ya kusaga na kukoboa. Mashine ina lebo yake, na jina lililoandikwa kwa rangi ukutani ndilo jina la kuandika. Pembeni wakala wa pesa za simu, kisha fundi cherehani, kisha kinyozi. Genge la mboga ambalo liko pale pale miaka mitatu, liandike. Anayepita na beseni kichwani, mwache, maana kesho atakuwa pengine. Kipimo changu ni hiki: nikirudi baada ya mwezi nitakikuta? Kituo cha bodaboda utakikuta. Kijiwe cha kahawa chenye mabenchi ya mbao utakikuta, na vijiwe vingi vya Dar vina kibao chenye jina lililochorwa kwa madaha. Jina hilo liandike lilivyo, hata kama herufi zimepishana, kwa kuwa ndilo wenyewe walilojichagulia. Banda umiza wanakoangalia mpira, liandike. Msikiti na madrasa, kanisa, zahanati, shule ya awali iliyo nyuma ya nyumba ya mtu lakini ina kibao, vyote.

Halafu saa. Hapa ndipo ramani nyingi hufeli, na hapa ndipo mtaa wa uswahilini unapojieleza. Kibaraza kimoja alfajiri kinauza supu na chapati, mchana kimefungwa, jioni ni chipsi na mishkaki mpaka saa nne usiku. Kuna sehemu ya kujaza saa za kufungua, ijaze. Msomaji akikuta kichochoro ambacho mama lishe wanaanza saa kumi na moja alfajiri na kinyozi anafunga saa tano usiku, ameshajua mtaa huo hulala kidogo na hufanya kazi sana, na hakuna aliyemwambia.

Ukifika chini, karibu na mto, punguza mwendo. Kila kidaraja, hata kile cha mbao mbili, kiandike, na useme ni cha miguu tu au pikipiki inapita. Andika mtaro unapoanza na unapoishia, kwa sababu mitaro mingi ya mitaani inaishia uani kwa mtu. Sehemu ya maji ieleze: ni bomba la mamlaka, ni kisima, watu wanalipia ndoo au hawalipii, maji yake yananyweka au ni ya kufulia. Haya ndiyo mambo anayoyatafuta mhandisi wa mitaro, mtu wa afya wakati wa kipindupindu, na mpangaji anayetafuta chumba.

Nije kwenye majina, maana umelalamika hayamo. OpenStreetMap haikulazimishi jina moja. Kuna `name`, la jina kuu. `alt_name`, la jina jingine linalotumika. `loc_name`, la jina la wenyeji. Na `old_name`, la jina la zamani ambalo wazee bado wanalitumia. Serikali ilipoendesha operesheni ya Anwani za Makazi mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti 23, barabara nyingi zilipata nguzo zenye vibao na nyumba zikapata namba. Kilichoandikwa kwenye kibao kinathibitishika, kiweke kwenye `name`. Kama ninyi mnapaita kwingine, lenu liweke kwenye `loc_name`, na mtu akilitafuta atalipata. Usifute la kibao kwa hasira, wala usiliache la mtaani eti si rasmi. Mji huu una mazoea ya kuyafanya majina ya makondakta kuwa rasmi: mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwaka 2016, vituo vya Barabara ya Morogoro vikaitwa Tip Top, Argentina, Mwembechai, yale yale yaliyokuwa yakiitwa kwenye madirisha ya daladala. Rangi Tatu, Kwa Ndevu, Kijiweni, Dampo: hakuna kamati iliyokaa kuyatunga, na hakuna mtu wa Dar anayepotea akitajiwa.

Mipaka ni ngumu zaidi, na ni vizuri umeuliza kabla ya kuchora. Kuna mipaka ya aina mbili. Mtaa kama ngazi ya utawala, ulio chini ya kata na wenye mwenyekiti wake, una mpaka rasmi. Huo usiuguse kwa kukisia. Ukihisi umekosewa, nenda ofisi ya serikali ya mtaa, uliza, na kama inawezekana tembea nao. Ramani Huria walikwenda chini zaidi ya hapo, mpaka kwenye shina, wakitembea na wajumbe wa nyumba kumi ambao wanajua nyumba ipi ni ya nani kuandikisha, kwani mgonjwa wa kipindupindu akitajwa kwa shina lake anapatikana haraka kuliko akitajwa kwa kata.

Aina ya pili ni eneo ambalo watu wanalitaja tu kwa mazoea. Hilo usilizungushie mstari. Liwekee nukta katikati, pale ambapo kila mtu anakubali kwamba "hapa ndipo penyewe", na lebo ya `place=neighbourhood`. Kuna jambo zuri lilifanyika Boston, Marekani, mwaka 2012: wachora ramani wawili, Andy Woodruff na Tim Wallace, waliwaomba wakazi kila mmoja achore mipaka ya mitaa anavyoijua yeye, kisha wakazipandanisha michoro yote. Katikati ya mtaa watu walikubaliana, pembeni kila mtu na lake. Sidhani Tandale na majirani zake wa Manzese na Mwananyamala watakuwa tofauti. Mnaobishana wote mnasema kweli, kila mmoja kuanzia mlangoni kwake, na nukta inawaacha wote na kweli yao.

Sasa vipo vitu vya mtaa ambavyo haviingii OpenStreetMap na bado vina thamani kubwa: maji yalifika wapi mwaka ule, nani alianzisha timu ya mpira, vigodoro vilikuwa vikichezwa wapi, mwembe uliokatwa ulikuwa umesimama wapi. Hayo yawekee ramani yake. Kuna huduma ya bure inaitwa uMap: inatumia OpenStreetMap kama msingi, na wewe unaweka juu yake tabaka lako la nukta, picha na maelezo, unachagua nani aweze kuhariri. Mkae na wazee jioni moja, mmoja anasimulia, mwingine anaweka nukta. Hiyo ndiyo ramani ya tabia ya mtaa ninayoiamini, kwa sababu kila neno lina mwenyewe na kila mwenyewe anajulikana. Siku mtu akiuliza "nani kasema?", jibu lipo.

Kuna mambo ya kutoandika, nami nakuomba uyachukulie kwa uzito. Usiandike jina la mwenye nyumba wala nani anaishi na nani. Usiweke alama kwenye nyumba wanakohifadhiwa wanawake waliokimbia vipigo, hata kama mtaa mzima unaijua. Usinakili kitu kutoka Google Maps au ramani nyingine ya kampuni: ile ina wenyewe, na kilichonakiliwa kitafutwa, wakati mwingine pamoja na kazi yako halali iliyo ndani ya furushi moja la mabadiliko uliyoyahifadhi pamoja. Na ujue kwamba ulichokiweka wazi kiko wazi kwa wote, mtu wa mitaro na mtu wa kubomoa pia. Watu wa bonde la Msimbazi walioziona nyumba zao zikiwekwa alama ya X mwishoni mwa 2015 hawawezi kulaumiwa wakimtilia shaka kijana mwenye simu anayepima upana wa mtaro. Mwambie mtu unafanya nini kabla hujaanza, mwonyeshe kwenye kioo, na akisema hapa kwangu hapana, ruka. Nenda kwanza kwa mwenyekiti, jitambulishe, na ukipewa barua ya utambulisho itembeze mfukoni. Kwa sheria za OpenStreetMap huihitaji. Kwa amani ya mtaa unaihitaji.

Vyombo ni rahisi. Kama una simu ya Android, anza na StreetComplete: inakuuliza swali fupi kuhusu kitu kilicho mbele yako, kichochoro hiki kina taa, njia hii ni ya lami au vumbi, nawe unajibu. Inaweza kukusanya majibu bila bando na kuyapeleka ukifika penye mtandao. Kwa kuongeza maduka na vijiwe na kufuta vilivyofungwa, Every Door ni nzuri zaidi, nayo iko Android na iPhone. Vichochoro visivyokuwepo ni kazi ya kompyuta: fungua tovuti ya OpenStreetMap, bonyeza hariri, chora juu ya picha ya angani. Picha nyingine ni za miaka iliyopita, hivyo picha na miguu yako vikipingana, amini miguu. Lebo zenyewe ni za Kiingereza kwa kuwa dunia nzima inazishiriki, lakini majina na maelezo ya mabadiliko yako andika Kiswahili. Ukitaka wenzako, OpenMap Development Tanzania wako Dar es Salaam, na vikundi vya YouthMappers vipo katika vyuo vikuu kadhaa nchini. Huenda kuna kimoja chuoni kwenu.

La mwisho, kufutwa. Ndiyo, mtu anaweza kuja kufuta, kama wewe unavyoweza kufuta duka lililofungwa. Tofauti na ile tovuti ya rangi ni kwamba hapa hakuna kinachopotea: kila kitu kina historia yake, toleo la kwanza, la pili, la tatu, na jina la akaunti iliyogusa na tarehe. Ukikuta kisima chako kimetoweka, fungua historia, mtafute aliyekitoa, mwandikie kwa adabu kwenye furushi lake la mabadiliko, umwulize sababu. Mara nyingi ni mgeni aliyebonyeza vibaya, au mtu wa mbali aliyeona kwenye picha kama hakipo. Kama ni fujo za makusudi, kuna kundi la wanaojitolea linaloitwa Data Working Group ambalo hurudisha kilichoharibiwa na kumfungia anayerudia. Kwa hiyo kila unapohifadhi andika maelezo mafupi ya ulichofanya na ulikithibitishaje, kwa mfano "nimepita mwenyewe, Tandale Sokoni hadi mtoni, vidaraja na taa". Ukibishiwa, hayo ndiyo yatakayokusemea. Na kama unaanza wiki hii, anza na vidaraja, mvua zikianza usiwe unapima upana wa mbao ukiwa umesimama kwenye maji.